Ukurasa wa Mlango wa Nyuma

Watu wakiniuliza nimesomea nini, nawaambia ulinzi, na hapo ndipo kicheko kinapoanza. "Masters ya ulinzi? Ya kushika kirungu?" Shemeji yangu alisema hivyo kwenye komunyo ya mwanawe, mbele ya ukoo mzima, watu wakacheka hadi pombe ya mbege ikawamwagikia. Nami nikacheka. Siku hizo nilikuwa bado nacheka. Leo mtu anijaribu aone.

Shahada yenyewe ina jina refu, ulinzi na ustahimilivu, lakini ukiimenya unapata mambo mawili: kuzuia baya lisitokee, na likishatokea, watu wataponaje. La kwanza nilidhani nalijua kabla sijaingia darasani. Nilikuwa mkuu wa ulinzi wa kiwanda cha kukoboa kahawa pembeni ya mji wa Moshi, askari kumi na wanne chini yangu, wanaume kumi na mmoja na wanawake watatu. La pili ndilo lililonitia adabu, na nitalisema lilivyokuwa, hata kama mimi mwenyewe sipendezi ndani yake.

Nilisoma nikiwa kazini. Vipindi vilikuwa kwa mtandao, Jumamosi kutwa, nikiwa kwenye chumba changu cha kupanga kule Njoro na bando likiisha kila mwalimu anapofika patamu. Siku za kazi nilisomea kwenye kibanda cha getini saa ya chakula, laptopu juu ya daftari la wageni, sahani ya makande pembeni. Dereva wa lori akipiga honi nafunika kitabu, nakagua gari, narudi nafunua. Miaka miwili na nusu hivyo. Kwa hiyo mtu anaponiambia digrii ya kirungu, namsonya kwanza, halafu ndiyo namjibu.

Mwalimu wa moduli ya tatu alikuwa mama mmoja asiyecheka. Alitupa zoezi: kila mmoja achore mahali anapofanyia kazi, ahesabu watu walio ndani, kisha ahesabu milango. Akasema si milango iliyojengwa, ni milango inayofunguka. Nilichora chumba cha kuchambulia, nikabaki nimeikodolea macho karatasi yangu mwenyewe.

Kwa asiyekijua chumba hicho: kahawa ikishakobolewa, punje zinapita juu ya mkanda unaoendeshwa na mota, na wanawake wamekaa pande mbili wakitoa zilizo mbovu kwa mkono. Msimu ukikolea wanakuwa sitini, wengi wao wa mlimani, wanashuka alfajiri na kupanda jioni. Milango ni miwili. Wa mbele unatokea kwenye reli ya mbao, kijia chembamba chenye uzio pande mbili, ambapo anayetoka anapekuliwa: anakunjua kitenge, anakung'uta mifuko, anapita, anafuata mwingine. Wa nyuma ulifungwa mnyororo na kufuli tangu gunia moja lilipopotea, kabla hata sijaajiriwa. Ufunguo ulikaa kwa meneja, pamoja na funguo za gari lake, na gari lake halikukaa kiwandani. Madirisha yana nondo. Basi, watu sitini, na mlango unaopitisha mmoja mmoja. Na mimi kwa miaka sita nilikuwa nazunguka pale kila asubuhi, natikisa lile kufuli, kisha naandika kwenye kitabu cha lindo: "Kufuli imara." Imara! Natia na saini.

Kati ya wale sitini alikuwemo mama yangu mdogo. Huyu ni mdogo wake mama, ndiye aliyenilea baada ya mama kufa nikiwa na miaka tisa. Mikono yake ilikuwa na kasi, akichambua hata hatazami, anapiga soga huku vidole vinajua vyenyewe kibovu ni kipi. Wenzake walimwita mwalimu. Kila aliyeanza kazi aliketishwa kando yake wiki mbili ajifunze.

Nikauandika mlango. Ulikuwa ukurasa mmoja katika tasnifu yangu, na niliuandika vizuri kuliko nilivyowahi kuandika kitu chochote. Jumapili nikapanda nao mlimani, nikamkuta jikoni anamenya ndizi za mtori, nikamsomea. Kiingereza nikakigeuza Kiswahili, na pale Kiswahili kilipogoma nikatia Kichagga. Akaacha kumenya.

"Na hao wasomi watausoma?"

"Watausoma, mama."

"Na mlango?"

"Utafunguliwa."

Nilisema hivyo, kwa mdomo huu, kana kwamba ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Jumatatu yake chumba kizima kilikuwa na habari. Mtoto wangu ameuandika mlango, aliwaambia, ngojeni mtaona. Nikipita kwenye ukaguzi wangu wa asubuhi wananisalimu kwa vigelegele vya chinichini, wakubwa kwa wadogo, na mmoja mwenye maneno mengi akawa ananiita mheshimiwa mbunge. Kichwa kikavimba, sikatai.

Chuo kilitaka barua ya mwajiri, kwamba anakubali habari za kiwanda chake zitumike. Bila barua hakuna kukabidhi tasnifu, na bila tasnifu hakuna shahada. Meneja alinikaribisha ofisini kwake vizuri tu. Ni mtu wa kanisani, mpole, sauti haipandi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, kamanda wangu," maana ndivyo alivyokuwa akiniita, na kazi yangu ikawa mezani mbele yake, imepigwa mistari ya kalamu nyekundu.

"Kazi nzuri sana hii," akasema. "Sema ukurasa mmoja tu umepotea njia."

Nilijua ni upi.

"Ni hatari, mzee. Moto ukitokea..."

"Moto umeshatokea mara ngapi hapa?"

"Haujatokea."

"Kahawa imeshaibwa mara ngapi?"

Akaniambia wanunuzi wa nje wakisoma habari kama hizo watahama, kiwanda kitafungwa, na akina mama sitini watarudi nyumbani kukaa. Mama yako mdogo akiwemo, akasema, tena kwa huruma kabisa. Halafu akanipa na njia ya kutokea. Andika kamera. Tumeweka kamera nane, hizo ndizo teknolojia, hizo ndizo chuo kinazotaka. Barua nimeshaichapa, hii hapa, nasubiri tu ukurasa utoke niisaini.

Ningeweza kuondoka. Kila nikikumbuka ile ofisi, yule mtu na tabasamu lake, hasira zinanipanda hadi masikio yanawaka, lakini ukweli ni kwamba hakunishikia panga. Alinyoosha kalamu. Zilikuwa zimebaki siku tano za kukabidhi. Nilirudi kwenye kibanda changu, nikafungua laptopu, nikaufuta ukurasa wa mlango, nikaandika kurasa kumi na mbili za kamera. Katika hizo kamera nane, nne hazikuwa zinafanya kazi. Hilo nalo sikuliandika. Barua ikasainiwa jioni hiyohiyo.

Nikafaulu, tena vizuri. Msimamizi wangu aliandika kwamba ni kazi ya mtu anayekijua kituo chake. Niliyasoma maneno hayo nikiwa nimesimama na sikuweza kukaa.

Mama mdogo sikumwambia. Wenzake wakiniuliza, "Mheshimiwa, mlango lini?" nilijibu, "Mambo yako jikoni." Nilijibu hivyo miezi mitatu. Walikuwa wananiamini, jamani, ndiyo maana hawakuuliza mtu mwingine yeyote. Hawakwenda kwa meneja, hawakwenda serikalini, hawakwenda hata kwa padri. Walikuwa na mtu wao aliyesoma.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, saa nne na nusu asubuhi. Niko getini, nasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikakimbia. Mota ya mkanda ilikuwa imeshika moto na mpira unatoa moshi mweusi mzito, unajikusanya darini na kushuka. Na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri, maana hili ndilo linaloniamsha usingizini hadi leo. Sikukuta watu wanakimbia. Nilikuta foleni.

Walikuwa wamejipanga. Wanawake sitini, moshi juu ya vichwa vyao, wamejipanga kwenye reli kama ilivyo kila jioni, vitenge vimekunjuliwa tayari, wenye umri mkubwa mbele kwa heshima. Vijana kabisa, wenye miguu ya kukimbia, walikuwa nyuma huko moshi ulikoanzia, wanangoja mama zao wapite. Wanakohoa, lakini hakuna anayempita mkubwa wake. Na pale kwenye reli askari wangu, binti niliyemfundisha mwenyewe, alikuwa anapekua. Alishapekua watatu. Wa nne alikuwa amenyoosha mikono.

"Unafanya nini wewe!" nikampigia kelele.

Akanigeukia na machozi ya moshi mashavuni. "Si ulisema hatoki mtu bila kupekuliwa?"

Nilisema. Nilikuwa naliimba kila mkutano wa Jumatatu. Nilimsukuma, nikaanza kuwavuta wale akina mama kwa nguvu. Tena wengine wananisalimu, shikamoo zinanitoka mdomoni huku nawaburuta. Mama mdogo alifika kwenye reli akakataa kupita. Akageuka kuwaita wa nyuma, wadogo watangulie, anawataja mmoja mmoja. Hapo ndipo mkanda ulipolipuka moto, na foleni ikafa. Wote wakaja kwa pamoja. Ile reli ya mbao ikang'oka na kumlalia mama mdogo mkono, na watu wakapita juu yake.

Nyuma nilikuwa nimemtuma askari mmoja na mtaimbo, apige ule mnyororo. Nilimpigia meneja simu, haipatikani. Alikuwa msibani huko mlimani, amekaa kanisani, simu kaizima kwa adabu, na ufunguo wa mlango wetu uko mfukoni mwake. Yule askari alipiga hadi viganja vikachubuka. Mnyororo haukukatika. Kilichokubali mwishowe ni bawaba, na hapo mlango ukaanguka nje, hewa ikaingia, waliobaki wakatoka.

Hakufa mtu. Meneja alilirudia hilo kwa kila aliyemuuliza, hakufa mtu, hakufa mtu, utadhani yeye ndiye aliyewaokoa. Wawili walilazwa kwa moshi. Mama mdogo alivunjika kifundo cha mkono wa kulia na vidole vitatu vikapondeka, na daktari alisema vitapona lakini havitakunjika tena. Vile vidole! Nilitoka wodini nikaenda kuupiga teke ukuta wa nje, mbele ya watu, mtu mzima mimi na sare yangu.

Sasa tazama. Jumamosi ya wiki hiyohiyo, mafundi wakaja. Wakarudisha reli, wakarudisha mlango, wakachomelea bawaba mpya, wakaweka mnyororo. Na kufuli. Kufuli jipya, kubwa kuliko la kwanza. Jumatatu wanawake wanarudi kazini. Nilisimama pale nikawatazama mafundi wanavyokusanya vifaa vyao.

Jumapili baada ya misa, meneja akaja nyumbani kwa mama mdogo, pale kihambani penye migomba. Hakuja peke yake, alikuja na wazee wawili wa kwao, na mkononi ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu isale ni ule mmea tunaoupanda mipakani na makaburini, na ndilo jani la kuombea msamaha. Mtu akikukosea akakuletea isale, humrudishi. Hata awe ameua. Ukilikataa, lawama inahamia kwako, na ukoo wako mwenyewe hautakuelewa. Na ukishalipokea, kesi imekwisha, huendi tena kumshtaki popote. Yule bwana alilijua hilo fika. Kamera ya kulindia mlango angenunua kwa mkopo, mlango ungemgharimu ufunguo tu, lakini alichagua kukata jani uani kwake.

Wazee wakasema maneno yao, taratibu, kwa Kichagga kilichonyooka. Mama mdogo alikuwa amekaa kitini, mkono kwenye bandeji hadi kiwiko. Shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, akalipokea jani kwa niaba yake. Naye akatikisa kichwa, akasema yamekwisha. Meneja akatoa machozi, tena ya kweli. Akanywa mbege, akaondoka.

Nilimngoja apotelee migombani, kisha nikalipuka.

"Umempokelea nini? Mama, umempokelea nini yule mnafiki? Jana kaweka kufuli jipya! Jana! Analeta majani huku ufunguo uko mfukoni!"

"Keti," akasema.

"Siketi! Yule ndiye aliyekuvunja mkono. Yule ndiye aliyenifanya niutoe ukurasa, akanikalia kooni na barua yake, halafu leo..."

Nikajisikia nilichosema. Neno lilikuwa limeshatoka.

Nje kuku walikuwa wanaparua chini ya mgomba.

"Ukurasa upi?"

Hapo ndipo nilipoketi.

"Ule ulionisomea hapa?"

"Ndiyo."

"Uliutoa."

"Niliutoa, mama. Nilitaka barua."

"Lini?"

"Wiki ileile."

Nilimwona anahesabu. Miezi mitatu ya mambo yako jikoni. Miezi mitatu ya kuwaambia wenzake ngojeni. Nilitaka anipige kofi. Nilitaka apige kelele, nami nipige, tugombane tuishe. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Yule meneja wetu," akasema, "hakuniambia hata siku moja kwamba mlango utafunguliwa. Uliniambia wewe."

Nilitoka nje. Nikaenda mpakani, nikavunja isale kwa mkono, jani likanipasua kiganja, nikafunga fundo huku naona giza la machozi. Nikarudi nikapiga magoti mbele yake, nikamnyooshea. Hakulishika.

"Sikatai," akasema. "Lakini la kwako silipokei kesho wenzangu wakiwa wanaingia kwenye chumba kilichofungwa. Fungua kwanza."

Nikalitia jani kwenye mfuko wa sare. Nilishuka mjini jioni hiyo na hasira mpya, na hii haikuwa ya meneja.

Jumatatu sikwenda getini. Nilikwenda kwenye ofisi ya wakaguzi wa usalama kazini nikiwa na ukurasa wa mlango, maana nakala yake nilikuwa nayo, na kitabu cha lindo chenye saini zangu za miaka sita, kufuli imara, kufuli imara. Mkaguzi akaniuliza kama najua kwamba saini hizo zinanishtaki na mimi. Nikamwambia mimi ndiye niliyezileta. Siku hiyohiyo nikamwandikia msimamizi wangu chuoni, kwa barua pepe fupi, nini niliandika mwanzo, nini nilifuta, kwa nini, na kwamba nusu ya kamera nilizozisifia zilikuwa vipofu. Shahada yangu sasa iko mbele ya kikao. Hawajanijibu.

Wakaguzi walifika Jumanne. Mnyororo ulikatwa mbele ya wanawake wote, na reli ikaondolewa. Jumatano nikaitwa ofisini. Meneja hakuniita kamanda. Alisema nimeuvunja msamaha wa wazee, nimelitia aibu isale, na tangu leo si mfanyakazi wake. Nikamwambia isale alipeleka kwa mama yangu, hakunipelekea mimi, na mimi sijamsamehe wala sina mpango. Nikaacha sare mezani. Jani nikalitoa kwanza.

Nilipanda mlimani kwa mguu kipande cha mwisho. Jani lilikuwa limenyauka kiasi, nikafikiria kukata jingine, nikaona hapana, litakuwa hilohilo. Nilimkuta uani, wamemletea ungo wa maharage achambue kwa mkono mzima, ajizoeze, na anachambua polepole, punje moja, punje nyingine, anazitazama kama mwanafunzi. Nikapiga magoti. Nikamwambia mlango uko wazi, nimeuona kwa macho yangu.

Akauweka ungo chini. Maisha yangu yote mwanamke huyu amenifinya kila nilipopokea kitu cha mtu kwa mkono wa kushoto. Alinyoosha wa kulia kwanza, na bandeji yake, vidole vikagoma, jani likaanguka kwenye vumbi. Akaniambia, "Samahani, mwanangu," akainama, akaliokota kwa kushoto.